Kizibo cha Chini

Mfasiri wa maabara alikuwa Mngazija wa mtaa wa Mlandege aliyekipata Kifaransa chake Moroni, na hakuwa mtu wa kukifanyia haraka. Mwaka ule wa 1967 ilipoletwa pampu ya kuvuta hewa na kijitabu cha Kifaransa kitupu, alipewa akigeuze Kiingereza, lugha waliyosomea wapimaji. Kila neno alilitamka kwanza puani, mara mbili, kama anayeonja mchuzi, ndipo akaliandika kwa penseli iliyochongwa ncha zote mbili. Bi Mwanakheir, mpimaji, akimuuliza, "Una hakika?" hujibu bila kuinua uso: "Bibi, mimi na Mfaransa tunajuana." Naye Bi Mwanakheir huenda stoo akacheka.

Asubuhi ya kuiwasha, Bi Mwanakheir alikuwa ameshika spana, anafuata karatasi: fungua kizibo cha chini. Mara mfasiri akaingia anahema, kofia mkononi, kanzu imeroa mvua mpaka magotini.

"Usifungue! Hicho cha kumwagia mafuta. Maneno yanafanana, nkachukua la mafuta nkalifanya la hewa. Nimelikumbuka nnatawadha."

"Na ningefungua?"

"Mafuta yote chini, pampu ikauke, ife. Nimekosea, Bi Mwanakheir."

Maabara haikuwa na pampu nyingine. Bi Mwanakheir akaweka spana chini, akamvutia kiti. Utani alikuwa nao tele, wa wiki tatu nzima za kumngoja amalize kijitabu; akauacha wote, akamwambia, "Kaa, unywe chai."