Moja Mbili na Maiki ya Dada

Mume wangu wanamwita Moja Mbili, na jina hilo kajipa mwenyewe bila kujua. Kazi yake ni kukodisha spika: za harusi, za misiba, za mikutano, za wahubiri wanaopiga kelele kana kwamba Mungu kahama mji. Kabla shughuli haijaanza hushika kipaza sauti akasema, "Testi, moja mbili, moja mbili," na tangu nimjue sijamsikia akifika tatu. Ni mtu mtulivu mno. Nyumba ikishika moto, atauliza kwanza nyaya zake ziko wapi. Ndiyo maana wiki ile aliposhindwa kukaa kitini nilijua kuna jambo.

Aliinuka mezani chakula kikiwa sahanini. Alitoa spika stoo, akazipangusa, akazirudisha, akazitoa tena. Alifungua plagi nzima kabisa, akazifunga upya. Nikamuuliza, "Baba watoto, hizo plagi zimekukosea nini?" Akasema anajiandaa na mkutano wa mheshimiwa. Mikutano ya mheshimiwa alishaifanya mingi, na hakuna hata mmoja uliomfanya ainuke mezani.

Mheshimiwa ni mbunge wetu, na siku hizo alikuwa amekalia kuti kavu. Benki kubwa ilikopesha marafiki wa wakubwa ovyo ovyo, ikakaribia kufa, serikali ikapeleka bungeni muswada wa kuiokoa kwa kodi zetu. Redioni wakasoma majina ya wabunge waliounga mkono, na la kwetu likasomwa vizuri sana, halikumezwa hata herufi. Sasa uchaguzi ulikuwa mlangoni na yeye alitaka kuja kutuelewesha. Kutuelewesha! Kama vile sisi ndio tulikuwa wajinga katika habari hiyo.

Benki hiyo hiyo ndiyo iliyompiga mnada wifi yangu. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na alikuwa na duka la mikate lenye matanuri mawili, meza ya kukandia ya mbao nzito, na dirisha ambalo asubuhi mtaa mzima ulipanga foleni. Biashara ilipoyumba aliomba asogezewe muda wa kulipa. Wakamwambia sheria ni sheria. Madalali walimkuta na unga mikononi, wakabeba matanuri yakiwa bado na joto. Tangu hapo anaoka kidogo kidogo jikoni kwake na kutembeza mikate kwenye beseni. Na mwanamke huyo ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki. Hata spika ya kwanza ni yeye aliyemtafutia, moja mbovu iliyokuwa ikikoroma kuliko kuimba.

Siku chache kabla ya mkutano alikuja kwetu, akakaa, akakataa chai.

"Mdogo wangu, nina swali la kumuuliza yule bwana. Utanipa maiki?"

"Nitakupa, dada."

"Usiniambie tu ili niondoke."

"Nikunyime wewe nimpe nani?"

Wifi akacheka, akaondoka mwepesi. Mume wangu akaenda uani kupangusa spika ambazo hazikuwa na vumbi. Nikamfuata huko huko, nikamsimamia kichwani mpaka akasema.

Msaidizi wa mheshimiwa, bwana mmoja wa kofia na tabasamu lisilokauka, alikuwa na utaratibu wa siku nyingi na mume wangu. Mwananchi akiuliza swali la kuudhi, msaidizi anavua kofia. Mume wangu anateremsha sauti ya maiki ya wauliza maswali, anainua waya juu kila mtu auone, anatikisa kichwa kwa huzuni: waya umelegea, samahanini. Mpaka waya "upone", maiki imeshahamia kwa mama mmoja wa kamati ambaye kazi yake ni kushukuru. Vyama vyote alivifanyia hivyo hivyo, hakubagua. Yeye aliita adabu ya kazi. Ila tangu mkutano huu utangazwe alijua dada yake atataka kuuliza.

"Na dada yako je?"

"Nimemwahidi maiki. Nitampa."

"Mpaka kofia ivuliwe."

Akarudia kupangusa spika ile ile. Nikamwambia, "Wewe unataka kuuma na kupuliza."

"Mama watoto, yule bwana ndiye anayeniletea kazi zote za serikali. Nikimuudhi, hizi spika tutazifanya viti vya wageni."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ukanipandisha hasira zaidi. Kuanzia hapo tukawa wawili tusiotulia. Nilianza kufua nguo ambazo hazijavaliwa. Mara nyingine nilivaa viatu niende kumwambia wifi, nikafika mlangoni, nikavivua. Ningemwambia nini? Kwamba mdogo wake atamshika mkono hadi katikati ya mto, halafu amwachie?

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Waliokosa viti walisimama ukutani, na waliokosa ukuta walining'inia madirishani kwa nje. Mapangaboi yalivuma juu yetu bila kuleta ubaridi wowote. Niliketi mstari wa nyuma ya wifi. Mume wangu alikuwa pembeni na mitambo yake, akikwepa macho yangu kama mdaiwa.

Mheshimiwa alizungumza kwa utamu. Alisema benki ikianguka, sote tunaanguka. Alisema alipiga kura ile kwa uchungu mkubwa, kwa ajili yetu. Mtu akauliza habari za barabara, akajibiwa vizuri. Kisha wifi akasimama, akapewa maiki, akaishika kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, habari za tangu kura zile ulizokuja kutuomba?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, lakini kwa meno tu.

"Benki ilipokwama," wifi akaendelea, "mlikaa bungeni mkaijadili, ukanyoosha mkono iokolewe. Mimi nilipokwama na benki hiyo hiyo nilikuja ofisini kwako. Nikaambiwa umesafiri. Nikarudi, nikaambiwa umechoka kwa safari. Sasa nataka kujua..."

Kofia ikavuliwa.

Nilimtazama mume wangu. Nilimtazama kwa macho yangu yote, na nilijua amenihisi, maana shingo yake ilikakamaa. Mkono wake ukasita, kisha ukateremka. Mdomo wa wifi uliendelea kusema na kilichosikika kikawa mapangaboi. Mume wangu akainua waya juu. Wengine wakaguna, wengine wakacheka kwa mazoea. Wifi hakuutazama waya. Alimtazama usoni mdogo wake, uso aliouosha tangu ukiwa na makamasi, na akaelewa kila kitu. Mama wa kamati alishafika, mkono mbele, kuja kuchukua maiki.

Nilijikuta nimesimama juu ya kiti.

"Wifi, sema! Wewe sema, mimi nitapaza!"

Akageuka, akaniona, akapiga moyo konde. "Nilipoanguka mimi," akasema.

"Anasema, nilipoanguka mimi!" nikapiga ukelele. Mzee nyuma yangu akaudaka, akaurusha mpaka mlangoni, na wa madirishani wakawapa wa nje.

"Ulinyoosha mkono gani?"

"Ulinyoosha mkono gani?" Ukumbi mzima ukauliza, kisha ukuta, kisha uwanja. Swali lilikuwa la mtu mmoja, lakini lilipofika nje lilikuwa la kila mtu.

Mheshimiwa akainua maiki yake, akatabasamu. "Ndugu zangu, huyu mama yangu..." Sauti ikakatika. Akaigonga maiki. Akaipuliza. Kimya.

Mume wangu alikuwa amekunja mikono kifuani. Msaidizi akamkimbilia, kofia mkononi.

"Washa!"

"Siwashi."

"Waya?"

"Waya ni mzima. Nimezima mimi." Aliyasema hayo mbele za watu.

"Hatusikii!" wakapiga kelele wa nyuma. "Shuka uje huku!" Mheshimiwa hakuwa na njia, akashuka jukwaani akasimama mbele ya wifi, jasho likimchuruzika. Kumbe bila spika ana kasauti kadogo. Ikabidi na majibu yake tuyapaze sisi, na kila yalipopita mdomo mwingine yalizidi kuvuliwa nguo.

Akasema mambo ya fedha ni magumu na yana utaalamu wake. "Anasema hakuelewa!" mzee akapaza. Akasema chama kilikuwa na msimamo. "Anasema aliambiwa!" Akasema benki ile ingeangusha watu wengi.

"Na sisi siyo wengi?" wifi akamuuliza, taratibu.

Hilo halikuhitaji kupazwa. Mheshimiwa alitazama ukumbi, kisha viatu vyake, kisha akasema atalifanyia kazi. "Anasema atalifanyia kazi!" Kicheko kikaanzia mbele kikatokea madirishani.

Mkutano ulipovunjika, mume wangu aliruka nyaya zake akamkimbilia dada yake, uso umemng'aa. "Dada, umeona? Nimemzima!"

Wifi alikuwa anajitanda khanga. "Nimeona," akasema. "Ulianza na mimi."

Akaondoka na watu.

Uchaguzi ulipofika tulimwangusha mheshimiwa, tena vibaya. Kazi za serikali zilikufa, kama alivyohofia. Lakini watu humsimamisha mume wangu barabarani wampe mkono, wamwite mwanaume wa kweli, na harusi zinakuja. Yeye hapati raha. Wifi huitikia salamu yake, huwapa watoto wetu mikate, ila kwetu haingii. Mume wangu hali akamaliza, hakai akatulia. Jana alinituma. "Nenda kamwambie mwishoni nilifanya la haki. Mwambie hivyo tu."

Nilimkuta wifi anakanda. Nikamweleza yote, na mengine nikaongeza ya kwangu, maana ni mume wangu na namwonea huruma. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye unga.

"Mheshimiwa naye mwishoni alishuka jukwaani," akasema. "Tulimpa kura?"

Nilirudi pole pole. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ananingoja, na nilipomwona nikapunguza mwendo zaidi.