Mama Anameza Dawa Zangu

Admini, nifichie jina, na kijiji chetu usikitaje, maana huku milimani tunajuana mpaka mbuzi wa nani ni yupi. Nina miaka ishirini na saba, najiuza Lushoto mjini. Ndiyo, mmesoma sawa. Wenye matusi wayatoe mapema yaishe, mimi nimekuja na shida. Nyumbani wanajua napika hotelini.

Kwenye kazi hii mimi si mzembe. Bila kondomu hunigusi hata uwe nani, kupima napima, na nameza PrEP, zile dawa za kumkinga asiye na virusi vya UKIMWI asiambukizwe. Sina virusi. Hilo mlishike.

Mwezi uliopita nilipanda nyumbani nikiwa na malaria. Mama akatoa nguo kwenye begi langu azifue, akakuta makopo ya dawa. Nilipoamka nikamwamkia, na shikamoo yangu hakuiitikia. Mama ni Mlutheri wa kwaya, nikajua leo nimekwisha. Akanikalisha jikoni, akanishika mkono, akaanza kulia.

"Mwanangu, usiogope. Na mimi natumia hizi hizi, tangu baba yako afariki."

Sikuwahi kujua kwamba mama ana virusi. Miaka yote hiyo alikuwa anameza peke yake, kwa kujificha, nyumba moja na sisi. Siku ile alilia huku anacheka, eti Mungu kampa mwenzake. Ningemwambiaje kwamba mimi si mwenzake? Kopo moja akaniomba aniwekee akiba, nikamwachia.

Juzi nimerudi nikamkuta amekonda, anakohoa. Kumbe kliniki ameacha kwenda, kisa mhudumu mpya ni binti wa mwanakwaya mwenzake. Zake zimeisha, anameza zangu. Nikamwambia dawa hazigawanwi, kila mtu na zake. Akanijibu kwa upole, "Kama zinakutosha wewe, mimi zitanishindaje? Uwe unachukua za wote wawili." Nilipotaka kulichukua kopo akaniuliza kama nataka afe.

Nimempigia nesi wangu wa mjini, hakuzungusha maneno. Dawa kinga peke yake haimtibu mwenye virusi. Virusi vinaizoea, na hata dawa zake za mwanzo zinaweza zisimfae tena. Nikamwomba mama nimpeleke kliniki ya mbali, asikojulikana. Anasema ahangaike ya nini na dawa ziko ndani.

Naogopa, jamani. Nikimwambia dawa zile si za mgonjwa, ataniuliza binti mzima asiyeumwa anajikinga na nini kila siku. Jibu ni moja tu, na presha anayo. Nikinyamaza, namuua mimi.

Leo asubuhi kanipigia kunikumbusha muda wa dawa. Akaniambia siku hizi analala vizuri kwa kuwa tuko wawili. Nikasikia anatikisa kopo, kisha anakunywa maji, akanisubiri na mimi nimeze. Mliowahi kumwambia mama jambo zito hivi, mlianzaje?