Kahawa Niliyoimwaga Kaole

Mie sikukaa darasani. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, na kusema, wallahi, nilizaliwa nako. Taabu yangu ilikuwa hasira. Nitaanza vizuri, lakini akitokea mmoja kunikata maneno, basi hotuba imekwisha, umebaki ugomvi.

Ndiyo maana rafiki yangu aliponiomba niwe mshenga wake, niende Kaole kumposea, mama yake alishika kichwa.

"Huyu? Huyu si mshenga, huyu moto wa makuti! Atatuharibia."

"Mama, sina mwingine kama yeye."

Neno lile liliniingia. Nikaapa sitamwangusha.

Hapo Bagamoyo tulikuwa na chama chetu cha kusema, vijana watupu, tukikutana baada ya Alasiri barazani kwa fundi cherehani mmoja. Miaka ile mikutano ya siasa ilikuwa imepamba moto, kila mtu anataka kujua kusimama mbele za watu. Kwetu kila mmoja alitaja azimio lake, na wenzake ndio wa kumsukuma mpaka alifikie. Zamu yangu ilipofika nikasimama: "Nataka kuposa bila kugombana."

Walicheka mpaka fundi akaacha kushona.

Fundi ndiye mkubwa wetu, na dawa yake ilikuwa kahawa. Unapewa kikombe kile kidogo kisicho na mkono, kimejaa mpaka ukingoni. Unakishika, unasema, wenzako wanakukejeli. Ukimwaga, unakaa chini, unajaziwa kingine, unaanza tena toka salamu.

"Pua kama kifuu!"

"Maneno mengi, kanzu ya kuazima!"

Mwanzoni nilimwaga mpaka vidole vikababuka. Fundi hakuniambia hata siku moja kwamba nimeshindwa. Alisema tu, "Kaa. Anza upya." Mwishowe wakawa wanaisema sura yangu, mwendo wangu, kila kitu changu, na mie natabasamu, kahawa imetulia tuli.

Siku ya posa nikaenda Kaole na wazee wawili wa upande wetu. Rafiki yangu alibaki nyumbani, maana mwenye kuoa haendi kujiposea. Tukakaa mkekani, wanaume wa nyumba ile mbele yetu, wanawake nyuma ya pazia. Kahawa ikaletwa. Nikakishika kikombe changu, nikaanza.

"Tumesikia nyumba hii ina kisima cha maji matamu. Tumekuja kuomba kuchota."

"Kiu mnayo," akasema mjomba wa binti, "au midomo imekauka kwa domo?"

"Kiu tunayo, mjomba."

"Mbona mshenga mwenyewe kama jogoo aliyenyeshewa?"

Watu wakacheka. Nikatabasamu. Kahawa tuli.

"Na huyo mwoaji wenu, nasikia mvivu. Analala mpaka jua la utosi!"

Utani wa posa ule, mshenga anapimwa. Nilijua. Lakini barazani nilizoezwa kutukanwa mie, hakuna aliyenizoeza kutukaniwa rafiki. Nikajikuta nimesimama.

"Mvivu? Mtu aliyemuuguza baba yake na shamba akalilima peke yake, ndiye mvivu?"

Kahawa yote ikaenda mkekani na kwenye kanzu, na kanzu ya kuazima kweli!

Mzee wetu mmoja akafumba macho. Nikamwona rafiki yangu kule nyumbani, amekaa mlangoni anatusubiri, na mie ndiye niliyemvunjia ndoa. Nikakaa, na nilipokaa tu nikajua la kufanya.

"Niwieni radhi, mjomba. Nimemwaga. Naomba kikombe kingine, nianze toka salamu."

Mjomba akanikazia macho. Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka nyuma ya pazia. Shangazi yake binti.

"Mjazieni huyo! Mtu mwenye rafiki wa kumuungulia hivi hawezi kuwa mtu ovyo."

Mjomba akaangua kicheko, akanimiminia kwa mkono wake.

"Haya, jogoo. Salamu iko wapi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mlikuwa mnataka maji?"

Nikasema mpaka mwisho. Jibu hawakutupa siku ile, binti hatolewi upesi hivyo. Walituambia turudi. Lakini tulipokuwa tunavaa viatu, shangazi akatoa sahani ya vitumbua, imefunikwa kawa.

"Mpelekeeni huyo mvivu wenu."

Wazee walitaka kunisaidia kuibeba. Nilikataa. Niliibeba mwenyewe mpaka Bagamoyo.