Siri Niliyompa Dada

Nilipotaka kuwa mtawa, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa dada yangu.

Tulikuwa tunaishi ughaibuni, mtaa wa Mount Dennis, mama, dada na mimi, na nilifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala huko Downsview. Kila Jumamosi nilikwenda kwa sista mmoja mzee aliyewahi kufundisha Tabora. Alikuwa akinisimulia maisha ya mtakatifu mmoja wa Italia, mwanateolojia wa karne ya kumi na tatu, mnene na mkimya hata wanafunzi wenzake wakamwita Ng'ombe Bubu.

Kilichonishika si vitabu vyake vizito. Ni kwamba familia yake ilitaka awe abati, yaani mkuu, wa monasteri tajiri, yeye akachagua watawa ombaomba, wanaoishi kwa sadaka. Kaka zake wakamkamata njiani, akafungiwa nyumbani karibu mwaka mzima. Dada yake alitumwa akamshawishi aghairi. Badala yake yeye ndiye aliyeshawishika, akaishia utawani. Baadaye mtakatifu yule aliandika kwamba mtoto huwatii wazazi katika mengi, lakini si katika kuamua aoe au asioe. Hapo nilimwomba sista arudie.

Jioni ile nilimwonyesha dada barua ya masista walionialika nikazungumze nao.

"Mama asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe nikirudi."

"Mdogo wangu, una wasiwasi na mimi? Imeishia hapa hapa."

Siku tatu baadaye nilitoka kazini nikamkuta mama sebuleni analia, shangazi yuko kwenye simu kutoka Moshi, barua yangu iko mezani.

"Nimekuleta huku ili uninyime wajukuu?" mama aliniuliza.

Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Dada, umesema?"

"Nimesema kwa faida yako."

Hilo ningelimeza. Nilisubiri mama atulie, kisha nikawapigia masista kuomba wanisogezee siku. Aliyepokea alishangaa.

"Lakini dada yako alishatupigia. Alisema umeghairi, na kwamba umeposwa. Tukakuombea ndoa njema."

Nilimweleza kwamba si kweli, nikakata simu. Kumbe wakati ananipakulia chakula na kuniuliza habari za kazini, alikuwa ameshanichagulia maisha, na mume asiyekuwepo akanipa.

Jumamosi nilimwuliza sista kama uongo uliosemwa kwa mapenzi bado ni uongo.

"Mtakatifu wetu anasema ni uongo, na ni dhambi," alinijibu. "Ila ni dhambi nyepesi kuliko uongo wa kumdhuru mtu."

"Mimi sijadhurika?"

Alinishika mkono. Niliondoka nimekasirika. Nilitaka aseme ni dhambi kubwa, ya kukosesha usingizi.

Mwezi uliofuata nilihamia chumba cha kupanga Parkdale. Masista waliniambia mlango uko wazi, nami nikajaribu mara mbili kuwaandikia. Kila nikianza sikujua kama ni Mungu ananiita au ni hasira tu, nataka kumwonyesha dada. Mtu haendi utawani kwa hasira. Barua sikuipeleka.

Dada hajawahi kuomba radhi. Husema aliniokoa. Krismasi huniletea pilau, nami napokea, nashukuru, tunazungumzia baridi na afya ya mama. Jambo langu lolote la moyoni, tangu siku ile, hajalisikia.