Pini Katika Mkono wa Mwalimu Odeta

Mwaka 1976 Odeta Mayala alikuwa akifundisha sayansi darasa la saba katika shule moja ya msingi kule Mirongo, Mwanza. Vitabu havikutosha, kwa hiyo alijaza ubao maswali mpaka chaki ikawa haishikiki. Figo zina kazi gani? Damu ikitoka moyoni huenda wapi? Kwa nini tunatoka jasho? Watoto waliitikia majibu kwa sauti moja, maana mtihani ulikuwa umekaribia.

Siku ya milango ya fahamu alitaka wajionee wenyewe. Alivua sweta, akakunja mkono wa blauzi, akafumba macho. Pini ya nguo alimkabidhi Kokushubira, msichana wa dawati la mbele.

"Nichome kidogo popote mkononi. Mimi nitasema ni wapi."

Odeta alisema, "Kiganjani." Darasa likapiga makofi. "Hapa kwenye kifundo." Makofi tena. Halafu pakawa kimya.

"Haya, endelea," alisema Odeta.

"Nimeshachoma, Mwalimu."

"Choma tena, usiogope."

Mtu mmoja alicheka kule nyuma, kisha kicheko kikakatika. Odeta akafumbua macho. Ncha ya pini ilikuwa imezama juu kidogo ya kiwiko, na damu ilikuwa ikiteremka taratibu. Kokushubira alikuwa analia. Pale pini ilipoingia palikuwa na baka lililopauka, ambalo kwa miezi mingi Odeta alilidhani ni utangotango tu.

"Swali linalofuata," alisema, akishusha mkono wa blauzi. Swali lenyewe hakulikumbuka.

Baka lisilo na hisia. Chuoni walifundishwa maana yake, na yeye alikuwa na sababu ya kutosahau. Utotoni, kwao Misungwi, alimwona jirani yao Mzee Ngosha akijengewa kibanda peke yake nje ya kijiji. Vidole vyake vilikuwa vimeisha. Chakula chake kiliachwa juu ya jiwe, na aliyekipeleka alirudi mbio.

Tangu siku ile ya pini Odeta alivaa mikono mirefu hata jua la Mwanza lilipowaka. Nyumbani alitenga sahani yake na kikombe chake. Mtoto wake Malimi alipotaka kupakatwa, alimsukumia kwa baba yake. Akipika, alijichungulia vidole. Akiandika ubaoni alihisi, au alidhani anahisi, kidole cha mwisho kikifa ganzi.

Mumewe Antoni, aliyekuwa kuli bandarini, alivumilia kwa muda, kisha akauliza. "Mama Malimi, nimekukosea nini? Hata maji yangu hutaki kunywa."

"Nimechoka tu," alijibu, akatoka nje.

Hospitali ya mjini hakuthubutu kwenda. Wauguzi wa pale walikuwa na watoto shuleni kwake. Jumamosi moja alipanda basi la Sengerema, akavuka na kivuko, akaingia zahanati asikojulikana. Mganga, mtu wa Bukoba aliyeitwa Severine, alimwuliza jina.

"Suzana," alidanganya.

Severine alimfumbisha macho, akampapasa kwa pamba. Kisha akashika kiwiko chake, akatafuta mshipa wa fahamu kwa kidole. Ulikuwa umevimba kama kamba.

"Ni ukoma?" aliuliza Odeta.

"Ndiyo. Ni ukoma."

Alilitamka waziwazi, bila kunong'ona. Odeta akageuka kutazama mlango.

"Hakuna atakayekupeleka popote," alisema Severine. "Aina hii yako haiambukizi kirahisi. Utameza vidonge kila siku, kwa miaka. Usiviache hata ukijiona umepona. Kazi yako endelea nayo. Lakini mume na mtoto nataka niwaone."

"Siwezi kuwaambia, Daktari."

"Basi nipe kwanza jina lako la kweli. Kila nikikuita Suzana unachelewa kuitika."

Ndipo alipolia.

Antoni aliambiwa Jumapili, akiwa ananyoa ndevu uani. Aliweka wembe chini. Alivaa shati, akaenda kwa kaka yake kule Kiseke akiwa na povu shavuni. Siku zote alizokuwa huko, Odeta alikaa akiamini ndoa imekwisha. Antoni aliporudi, alisimama mlangoni.

"Naogopa," alisema. "Sikudanganyi, Odeta, naogopa sana. Mtoto je?"

Walivuka wote watatu. Antoni alipimwa kwanza, akaonekana mzima. Kisha Malimi akavuliwa gauni, akaambiwa afumbe macho. Severine akapitisha pamba mgongoni polepole. Mtoto alinyamaza. Odeta alijishika mdomo. Kitambo kile alikiona kirefu kuliko safari yote ya kuja. Pamba ikafika ubavuni.

"Inanitekenya!" Malimi akapiga kelele, akajikunja kwa kicheko.

Odeta alikunywa vidonge kwa miaka mingi, mpaka Severine alipomwambia basi. Vidole vyake vilibaki vyote. Baka lilififia, ila hisia pale haikurudi, na mara kadhaa aliungua jikoni bila kujua. Shuleni habari zilivuja. Walimu wawili waliacha kunywa naye chai. Antoni alirudi kula naye sahani moja, mwanzoni akijilazimisha, na Odeta aliliona hilo. Hofu haikumwacha kabisa: kila alipomwogesha Malimi alimgeuza kwenye mwanga, akamtazama mgongo, mabega, nyuma ya masikio, mpaka mtoto alipokua na kukataa kuogeshwa.