Nyumba Namba Arobaini

Kwenye mradi mzima wa nyumba walimwita Mama Wembe. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba mpya mafundi wakishatoka, akwangue matone ya rangi kwenye vioo kwa wembe, apige magoti asugue sementi iliyoganda kwenye vigae, aache kila kitu kiking'aa kwa ajili ya wanunuzi. Kwa miaka minne alishasafisha nyumba zaidi ya mia. Magoti yalimwambia imetosha. Yeye akajifanya hasikii.

Siku moja, ndani ya nyumba namba arobaini, maji yalikatika kazi haijaisha. Akakaa chini jikoni kuyasubiri, mgongo ukutani. Kimya. Hakuna jirani anayekohoa nyuma ya ukuta, hakuna foleni ya bafu. Maji yaliporudi, alishapanga kichwani kitanda kikae wapi.

Jioni akamsimulia mumewe, fundi cherehani.

"Harufu ya rangi imekupanda kichwani," mume akasema, lakini hakucheka. Walikuwa wamekaa miaka ishirini na miwili kwenye vyumba viwili vya kupanga, na fedha za kiwanja cha urithi walichouza zilikuwa zimelala benki, zikisubiri jambo la maana.

Jumamosi wakavaa nguo za kutokea, wakaenda ofisi ya mauzo. Bango la mlangoni liliandikwa NYUMBA BORA KWA BEI NAFUU. Afisa mauzo, ambaye kila siku alipishana na Mama Wembe akiwa na ndoo, alimwamkia bila kumtambua.

"Bei hiyo ni ya awamu ya kwanza, mama," akasema. "Vifaa vimepanda, na sisi imebidi tupandishe."

"Sasa hiyo nafuu ni ya nani?" mume akauliza taratibu.

Afisa akatabasamu kama mtu anayeulizwa hivyo kila siku. Akiba yao ingetosha malipo ya awali, kwa kubanabana. Kiasi kilichobaki, benki ingewakopesha, mradi walete hati za mshahara. Fundi cherehani hati hiyo angeitoa wapi? Na Mama Wembe alilipwa kwa siku, mkononi.

Mwenye hati alikuwa binti yao wa pekee, muuguzi wa hospitali kubwa.

"Nitasaini mimi," binti akasema.

"Ni miaka ishirini na mitano, mwanangu. Na wewe una mambo yako."

"Mama, umezeekea nyumba za watu. Niachie hili."

Mama hakubisha. Nyumba ile aliitaka mno, na kwa siku kadhaa alijizuia kufikiria zaidi ya hapo.

Siku ya benki, binti alikuja moja kwa moja kutoka zamu, viatu vya kazi miguuni. Wakachukua namba, wakakaa kwenye benchi. Hazikupita dakika kumi, kichwa cha binti kikaanguka begani kwa mama yake. Mama akamtazama: vidole vilivyopauka kwa dawa ya kunawia, kovu dogo la utotoni kidevuni. Akajumlisha miaka ya mkopo na umri wa mtoto. Angemaliza kulipa akiwa na miaka hamsini na mitatu, umri wa mama mwenyewe sasa.

Namba yao ikaitwa. Hakusogea. Ikaitwa tena, kisha akaitwa mwingine.

"Bado?" binti akauliza alipozinduka.

"Imepita."

"Imepitaje? Mbona hukuniamsha?"

"Sikutaka."

Binti alielewa, na akakasirika kweli kweli. Alishaomba ruhusa kazini, alishanyenyekea kwa bosi wake. Akaondoka bila kuaga, na wiki mbili simu yake iliita tu. Fundi cherehani naye hakumlaumu mkewe, ila jioni moja, akiwa anakata uzi kwa meno, akasema, "Ningependa kukaa mahali nisipoombwa kodi, hata mwaka mmoja."

Wiki ya tatu binti akaja, akavua viatu mlangoni, akajitupa kitandani mwao.

"Bado nimekasirika, Mama."

"Najua. Umekula?"

Fedha za kiwanja zikabaki benki. Jumatatu Mama Wembe akaripoti awamu ya tatu: nyumba themanini, vioo vyote vimetapakaa rangi. Akachagua ya karibu na geti, asitembee sana.