Kiti cha Mwindaji

Mwaka wa 1998, mchapishaji wa mchezo mmoja wa kuigiza hadithi kwa dadu hakubandika tangazo la toleo jipya. Alikuja mwenyewe hadi meza ya Kamene na wachezaji wenzake, mtaani Noonkopir, vidole vyeusi kwa wino, akiongea polepole kama mtu aliyetumwa kupeleka posa. Kabla ya kutaja kila sheria mpya, alipuliza dadu. Kamene alimheshimu kwa huko kuja, lakini alimkatiza. Mwindaji, mhusika aliyemcheza tangu sekondari, alikuwa wa sheria za zamani.

“Kwani mtu wangu amekufa?”

“Afe aje? Morani akimaliza umorani, huwa anazikwa?” Mchapishaji aliinuka, akakisogeza kiti alichokalia kando ya Kamene, kiwe cha mwindaji. “Huyo sasa ni mzee. Akae.”

Sheria zote zilizobaki alizieleza akiwa amesimama.